Wakenya njooni hapa: "kugura" ni kuhama, kukimbia au kununua?

#1 MuhaWaMwandiga

Wakuu, salaam.

Jana nimeumbuka kijiweni. Nilikuwa nimeshika simu, nasoma habari za michezo kwenye ukurasa mmoja wa Kenya, nikakuta kichwa kinasema "Kiungo agura klabu". Mimi ni Muha wa Kigoma. Kwetu kugura ni kununua: unagura chumvi, unagura mbuzi. Nikawatangazia wenzangu kwa sauti: "Jamani, wachezaji wa Kenya wana hela, huyu kanunua timu nzima!" Tukabishana karibu nusu saa. Wengine wakasema haiwezekani, wengine wakasema labda ameoa kwa tajiri. Mwisho kijana mmoja wa bodaboda akaichukua simu, akasoma habari yote hadi chini, akanirudishia bila kucheka: "Mzee, ameondoka. Hajanunua hata soksi."

Tangu jana naitwa Mwenye Klabu.

Sasa naomba kueleweshwa. Hilo neno ni la Kiswahili au ni la Wakenya? Na kama maana yake ni kuhama, kwa nini wasiandike "ahama" tukaelewana wote?

#2 Chausiku_Tbr

Mwenye Klabu karibu jukwaani. Dirisha la usajili likifunguliwa tukumbuke na sisi huku Tabora, tuna beki mmoja anakula sana.

#3 BintiMvita

Kaka, pole na jina jipya 😂

Kugura ni Kiswahili, tena cha kale, si cha Wakenya wa magazetini. Nyanya yangu, Mola amrehemu, alikuwa mtu wa Kibokoni, Mombasa, na shule ya kizungu hakuingia. Jirani akihama na vyombo vyake yeye husema "wamegura". Lakini mtu akienda safari ya mwezi mmoja hakugura huyo, amesafiri tu. Kugura ni kuondoka na chungu na kinu, nyumba ikabaki inapiga mwangwi. Magazeti wamelikuta neno lipo wakaliokota.

#4 MwalimuMstaafu

Dada Mvita yuko sahihi. Kamusi yangu, ambayo jalada liling'oka zamani, inaandika gura kisha inaelekeza kwa hama. Limo pia gurisha, yaani hamisha. Tatizo ni kwamba huku bara Tanzania limebaki kamusini. Nimefundisha miaka 31, sijamsikia mwanafunzi akilitamka hata siku moja, isipokuwa mmoja aliyetokea Tanga, naye alisahihishwa na wenzake.

#5 Mhariri_wa_Zamani

Niliwahi kukaa meza ya habari kwa miaka kadhaa. Siri ni nafasi. Kichwa cha habari kina safu mbili, mwandishi anatafuta neno fupi. "Gura" ni fupi, basi. Msitafute falsafa.

#6 Chausiku_Tbr

@Mhariri #5, G-U-R-A herufi nne. H-A-M-A herufi nne. Nafasi gani uliyookoa hapo mkuu?

#7 Mhariri_wa_Zamani

😅 Haya, nimekamatika. Lakini "ahama" ilichosha, kila siku mwanasiasa ahama chama, mchezaji ahama timu. Msomaji anataka kitu kipya kinywani.

#8 Abdul_Kisutu

Nyote mnasahau jambo moja. Hama yenyewe si yetu, ni Kiarabu. Inatokana na hijra, hajara, hama. Waarabu walipokuja pwani ndipo tukajifunza kuhama.

#9 KamauWaRuiru

@Abdul #8, hapana ndugu yangu. Sisi Wakikuyu kuhama tunaita gũthaama, na Wakamba nao ni hivyo hivyo. Hatukufundishwa na dhow. Kwenye neno hili Waswahili wana h mahali ambapo sisi tuna th. Neno la Kibantu kabisa hilo.

Halafu @MuhaWaMwandiga, usijione uko peke yako. Gũra kwa Kikuyu ni kununua pia. Babangu, kila akisikia redio ikisema mbunge amegura chama, husema: "Si hata hicho alichokuwa nacho alikuwa amekigura?"

#10 Ng'wana_Shija

Namuunga mkono Kamau. Kisukuma ni kusama. Kama tulijifunza kuhama kwa Waarabu, basi hao Waarabu walitembea sana, maana sisi tumesama na ng'ombe kutoka Usukuma hadi Rukwa na Morogoro, na huko kote tunalaumiwa sisi.

#11 Abdul_Kisutu

Sawa, hama naiachia. Lakini hajiri je?

#12 MwalimuMstaafu

Hajiri ndiyo ya Kiarabu, hiyo hakuna mbishi. Ila kabla hatujafika huko, nimjibu mleta mada swali lake la pili, kwa nini wasiandike ahama.

Nadhani siri iko kwenye kiambishi. Hama inachukua mahali unapopaacha: nimehama Ilala. Hamia inachukua mahali unapokwenda: nimehamia Chanika. Ndiyo maana mtu huyo huyo mmoja kwao ni mhamaji, na akifika ugenini ni mhamiaji. Tazameni ofisi ya serikali inavyoitwa, Idara ya Uhamiaji. Inakutazama unapoingia. Na wale wanaokamatwa kwenye malori huitwa "wahamiaji haramu", jina ambalo limetungwa na mwenye nyumba. Kule walikotoka hakuna anayewaita hivyo. Kule wanaitwa "yule kijana wa fulani aliyekwenda Sauzi".

Sasa mtu akisema fulani amehama, msikilizaji anauliza papo hapo "amehamia wapi?" Gura haidai jibu hilo. Amegura, basi, ameshaondoka.

#13 BintiMvita

Mwalimu hapo nakupinga kwa adabu. Nyanya akisema wamegura, swali la kwanza la kila mtu barazani lilikuwa "wameguria wapi?" Guria ipo kama hamia ilivyo. Tofauti ninayoiona mie ni nyingine: anayegura mara nyingi ana kinyongo. Mchezaji amekosana na kocha, mwanasiasa amenyimwa tikiti. Kuhama unaweza kuhama kwa furaha, umejenga kwako.

#14 Mhariri_wa_Zamani

Dada, kinyongo hicho tumekitia sisi wa magazeti. Habari ya aliyeondoka kwa furaha hatuandiki.

#15 Ustadh_wa_Pangani

Assalam alaykum. Nimeona hijra imeguswa, niseme kidogo.

Vitabu vingi vya kizungu, na baadhi ya tafsiri zake shuleni, huandika kwamba Mtume (s.a.w.) "alikimbia" kutoka Makka kwenda Madina mwaka 622. Neno hilo halikai. Hajara kwa Kiarabu ni kuacha, kukata uhusiano. Mtu na nduguye wasiposemeshana, wamehajiriana. Kwa hiyo hijra ni kuuacha mji na watu wake kwa uamuzi, kwenda kuanza jamii nyingine. Na kabla yake kulikuwa na hijra ya Uhabeshi, Waislamu wa mwanzo walipopewa hifadhi na Najashi, mfalme Mkristo. Waliohama wakaitwa Muhajirina, waliowapokea Madina wakaitwa Answari, wasaidizi. Si wakimbizi na wenyeji wao. Ndiyo maana wazee wetu hawakutafsiri, walisema kuhajiri.

Na siku yenyewe ndiyo tukaifanya mwanzo wa mwaka, mosi Muharram.

#16 Kojani_Kwetu

Wa alaykum salaam shehe. Nakubali yote ila hilo la mwisho. Safari haikuwa Muharram. Aliwasili Madina mwezi wa Rabiul Awwal, yaani Mfunguo Sita kwa hesabu yetu, na Muharram ni Mfunguo Nne. Hesabu ya miaka iliwekwa baadaye, zama za Sayyidna Umar, wakauchukua mwaka wa hijra kisha wakauanzisha na mwezi uliokuwa ukianzisha mwaka tokea hapo kale.

#17 Ustadh_wa_Pangani

Jazakallah, umenisahihisha. Niliandika kwa haraka.

#18 Abdul_Kisutu

Shehe, kwa heshima. Lakini alikuwa akifuatwa ili auawe. Usiku akamwacha Sayyidna Ali kitandani pake, wakakaa pangoni Thaur siku tatu. Kama mie ningefuatwa hivyo ningesema nimekimbia, wala nisingeona haya.

#19 Ustadh_wa_Pangani

Usiku wa kutoka ulikuwa wa kuponea, sawa. Lakini jina la safari halitokani na usiku mmoja. Watu wa Madina walikuwa wameshamwalika na kuahidiana naye kabla. Mkimbizi hakuti mwaliko.

#20 Parokia_ya_Kati

Na sisi tuna yetu. Wana wa Israeli kuondoka Misri, Biblia ya Kiswahili haikusema kuhama wala kukimbia. Kitabu kinaitwa Kutoka. Neno la kawaida kama la mtu anayetoka chumbani. Ila ukisoma sura ya 14, Farao analetewa taarifa kwamba wale watu wamekimbia. Watu walewale, safari ileile. Ikulu ya Farao wamekimbia, kwenye jalada la kitabu wametoka.

#21 Mngoni_wa_Peramiho

Hiyo ya Farao imenigusa. Sisi tulifundishwa darasani "uhamaji wa Wangoni", na ramani ina mshale mrefu unapanda kutoka kusini. Kwenye mtihani ukiulizwa sababu unaandika vita vya Shaka wa Wazulu, upungufu wa ardhi na kadhalika. Zwangendaba, kiongozi wetu, akavuka Zambezi 1835, wakafika hadi Ufipa, alipokufa wakagawanyika, wengine wakaja Songea. Babu yangu hakuwahi kukubali kwamba tulikimbia. Alisema "tulikuwa tunakwenda". Nikamuuliza tulikuwa tunakwenda wapi, akasema mtoto mwenye maswali kama hayo hawezi kuwa Mngoni.

#22 Mhehe_Kalenga

Mlikuwa mnakwenda, mkafika Uhehe, tukawarudisha 😂 Hiyo iiteni mnavyotaka.

#23 Mngoni_wa_Peramiho

Mtani, nenda kamuulize aliyekwambia. Pale hakuna aliyerudishwa, mlichoka wote mkaenda kulala.

#24 Wakili_Kijana

Naona neno mkimbizi linatumika ovyo, niweke sawa kisheria. Mkimbizi lazima awe nje ya nchi yake. Mkataba wa 1951 unamtaja mwenye hofu ya msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa. Mkataba wa OAU wa 1969 ukaongeza anayekimbia vita, uvamizi na vurugu kubwa. Ambaye hajavuka mpaka si mkimbizi. Kwa hiyo "mkimbizi wa ndani" wanaloandika Kenya tangu vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 ni kosa.

#25 NakuruEast

@Wakili #24, mamangu alikaa kwenye hema pale uwanja wa maonyesho Nakuru mwaka 2008. Hema nyeupe, sisi watoto tulilala kichwa kwa mguu kama dagaa kwenye kopo. Watu wa misaada wakaja na daftari, wakaandika mkimbizi wa ndani. Mama akamwambia yule kijana wa daftari: "Andika nimefukuzwa. Mkimbizi ni mtu wa nchi nyingine, mimi shamba langu lina mahindi." Kijana akasema fomu haina nafasi ya neno hilo.

Sheria yako na mama wanakubaliana, ila kwa sababu tofauti.

#26 Wakili_Kijana

Nimenyamaza. Pole sana kwa mama.

#27 MwalimuMstaafu

Ongezo dogo la sarufi, mtanisamehe, ugonjwa wa kazi. Kimbia hutoa mkimbiaji na mkimbizi. Mkimbiaji ni wa riadha. Mkimbizi inafuata njia ya nunua, mnunuzi, na okoa, mwokozi. Niliwahi kuhudhuria mashindano ya shule, mshereheshaji akatangaza "wakimbizi wa mita 1500 wajiandae", na mgeni rasmi alikuwa mkuu wa wilaya iliyokuwa na kambi. Watu walitafuta pa kutazama.

Na kimbilio ni shina hilohilo.

#28 Mishamo85

Nimesoma kimya tangu #1, sasa niingie.

Wazazi wangu walitoka Burundi 1972, mauaji yalipoanza. Kwa Kirundi kukimbia namna hiyo ni guhunga, mtu ni impunzi. Kuhama nyumba ni kwimuka, neno lingine kabisa, huwezi kuyachanganya. Walikuja na mguu niponye, mama akiwa na sufuria moja na kaka yangu mgongoni. Serikali ikawapeleka msituni, wakafyeka, yakawa makazi: Katumba, Mishamo, Ulyankulu. Tuliambiwa tuseme "makazi", si "kambi", kwa sababu tulilima wenyewe.

Mimi nilizaliwa Mishamo mwaka 1985. Sijakimbia popote. Lakini mpaka nina umri wa miaka 29 karatasi yangu ilisema mkimbizi. Nikitaka kwenda nje ya makazi naomba kibali. Shuleni mwalimu anaita "wale watoto wa wakimbizi", nageuka kutafuta ni nani. 2014 ndipo uraia ulipotolewa kwa watu zaidi ya 160,000, nami nikawamo. Siku naleta cheti nyumbani, mama alikuwa anapepeta maharage. Akakitazama, akauliza, "Sasa hapa wameandika wewe ni nani?" Nikamwambia Mtanzania. Akaendelea kupepeta.

Wakili, hiyo mikataba yako inasema lini mtu anaacha kukimbia?

#29 Chausiku_Tbr

😔 Ulyankulu ni jirani zangu. Sisi watoto tuliwaita hivyohivyo, hatukujua uzito wake.

#30 Wakili_Kijana

@Mishamo85, inasema: ukipata uraia mpya, au ukirudi kwenu kwa hiari, au hali ya kwenu ikibadilika kweli. Lakini swali lako naona si la sheria tu.

#31 Handeni_Msomera

Kuna kisa kingine kinachochanganya kamusi zote. Hapa Handeni kuna makazi ya Chogo. Waliopelekwa pale walitoka Somalia vita vilipovunja nchi 1991. Ukiwasikia wazee wao wanaongea unashtuka: Kizigua! Mababu zao walichukuliwa kutoka huku Uzigua karne ya 19, wakauzwa utumwani Somalia, wakatoroka kwa mabwana zao wakaweka vijiji kando ya Mto Juba. Wakakaa huko vizazi. Vita ikaja, wajukuu wakapanda vyombo wakarudi pwani hii, na kwenye daftari wakaandikwa wakimbizi. Bibi yangu alisema hawa hawakukimbilia Handeni, hawa wamechelewa kurudi.

Kwa hiyo mababu waliuzwa, wakatoroka, wakalowea. Wajukuu wakakimbia, wakarudi. Chagueni neno moja kama mnaliweza.

#32 Abdul_Kisutu

Hilo la kutoroka lina historia yake. Zamani mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana, na huko nyuma ya Malindi watoro walikuwa na vijiji vyao kama Fuladoyo. Leo mtoro ni mwanafunzi aliyeruka ukuta kwenda kuangalia mpira.

#33 ShemejiWaGoma

Jambo kwa wote. Huku kwetu Goma neno ni moja tu, kukimbia. Batu banakimbia vita, banakimbia volkano. Walio ndani ya nchi tunawaita badeplase, ni Kifaransa, lakini hata bibi wa sokoni anasema hivyo.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ilipasuka, magaribi mbingu ikakuwa nyekundu. Usiku ule tukatembea kwa miguu, tukavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kesho yake tukarudi nyumba. Halafu alhamisi tarehe 27 asubuhi serikali ikatangaza sehemu ya mji itoke. Tukakimbia tena, sisi tukaenda Sake, jirani akapanda mashua kwenda Bukavu. Mke wangu alifunga godoro juu ya pikipiki, mimi nikabeba kuku wawili ndani ya mfuko ya unga, vichwa viko nje. Kufika Sake kuku moja imetaga.

Sasa ule usiku wa Gisenyi nilikuwa mkimbizi wa sheria ya wakili, saa kama kumi. Ile ya Sake, ambayo ilikuwa mbaya zaidi, nilikuwa nani?

#34 Chausiku_Tbr

Kuku moja imetaga 😂😂 pole shemeji, lakini hiyo nimecheka.

#35 ShemejiWaGoma

Cheka tu dada. Yai tulipikia mtoto.

#36 Bondeni2009

Mbona hamjataja kuzamia? Ndilo neno letu sisi vijana wa Dar. Mhamiaji ni neno la taarifa ya habari. Kijiweni ni mzamiaji, kazamia.

Mimi nilizamia 2009, kwenye meli ya mizigo. Nilijificha kwenye chumba cha mnyororo wa nanga, nina chupa mbili za maji na mfuko wa karanga. Hakuna anayekueleza kwamba mnyororo ule una tope la bahari, na tope lile linanuka kuliko choo. Siku ya tatu nikajitokeza mwenyewe, nimeshindwa kiu. Waliponishusha Durban nilikuwa nimepoteza kiatu kimoja. Nilikaa Bondeni, yaani Afrika Kusini, miaka sita, nimerudi, sasa nauza spea.

Wengine wanasema kuzamia kunatoka kwa kujitosa majini na kuogelea mpaka melini. Wengine wanasema ni kwa sababu unakwenda chini kabisa ya meli kama aliyezama. Mimi nasema lilitoka kwenye harusi, kuzamia sherehe bila kadi. Unaingia kwa watu bila kualikwa, unakula ubwabwa, ukishikwa unatolewa nje.

#37 Ustadh_wa_Pangani

Basi tumerudi palepale: mwaliko 😊

#38 Mhariri_wa_Zamani

Bondeni, usisahau na mtoni, majuu, ughaibuni. Hilo la mwisho lina ghaibu ndani yake, yaani asiyekuwepo. Watu waliohamia huko wanajiita hivyo kwa fahari, kumbe wanatangaza kwamba hawapo.

#39 Kojani_Kwetu

Nami niongeze ya kwetu. Sisi Wakojani wa Pemba twaenda dago. Upepo wa kaskazi ukishika, wavuvi hupakia nyavu, sufuria, magunia ya mchele, wakenda kupiga kambi mbali na nyumbani, hata upande wa Kenya, miezi kadhaa. Kisha hurudi. Hatusemi tumehama, wala mke aliyebaki hasemi mumewe kahama. Yuko dago. Kuna watoto Kojani wanaolijua dago kabla ya kumjua baba.

Lakini wako wanaokwenda dago wasirudi. Anapata mke kulekule, anajenga banda, mwisho anaitwa mwenyeji. Huyo twasema kalowea. Babu mdogo wangu alilowea hivyo, alikwenda kwa msimu mmoja akazikwa huko. Mama yake hakusema kahama mpaka anakufa. Kila kaskazi ikirudi alimpikia.

#40 KamauWaRuiru

Subiri, kulowea ndiyo walowezi? Sisi shuleni walowezi ni wale Wazungu waliochukua mashamba ya nyanda za juu. Sijawahi kufikiria kwamba neno hilo linaweza kumhusu mvuvi.

#41 MwalimuMstaafu

Ndilo hilohilo. Lowea ni kukaa ugenini mpaka ukawa wa hapo. Mlowezi wa Naivasha na mvuvi wa Kojani wanashiriki kitenzi. Kama wanashiriki kingine, hilo si la sarufi.

#42 BintiMvita

Hamujataja kinachobaki nyuma! Watu wakihama, pale wanapopaacha huitwa mahame. Sio magofu, gofu ni la nyumba. Mahame ni mji mzima uliohamwa, kama Gede karibu na Malindi. Wengine husema maganjo.

#43 Ng'wana_Shija

Huku kwetu matongo. Ukipita porini ukaona miti ya minyaa imejipanga mstari na mawe matatu ya jiko, unajua hapa palikuwa na mji. Baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 matongo yalijaa. Nyerere alitangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri, na mgambo wakaja na lori. Baba anasema walipewa asubuhi moja. Hakusema "tulihama" hata mara moja. Husema "tulipohamishwa", na huwa anaikaza hiyo "-shwa".

#44 Mishamo85

@Ng'wana_Shija, hapa lugha inanichezea. Itongo kwa Kirundi si mahame. Ni kiwanja cha ukoo, shamba la baba, mahali pako. Mama akisema "itongo ryacu" anamaanisha kule Burundi, ardhi yetu. Nyinyi neno hilohilo kwenu ni mahali palipoachwa.

#45 Ng'wana_Shija

Duh.

#46 Abdul_Kisutu

Huenda lilikuwa moja, wenu wakabaki nalo wakiwa ndani yake, sisi tukabaki nalo tumeshatoka.

#47 KamauWaRuiru

Au ni maneno mawili yanayofanana tu, kama gura na gura. Tusikimbilie.

#48 Mhehe_Kalenga

"Tusikimbilie" 😂 wakili, huyo amevuka mpaka au bado?

#49 Chausiku_Tbr

Mleta mada yuko wapi? Uzi umefika Kongo na Somalia, yeye kagura.

#50 MuhaWaMwandiga

Nipo, nilikuwa napakia. Jumamosi nahama nyumba, mwenye nyumba amepandisha kodi, nimepata kirikuu moja tu na kitanda hakiingii. Kwa maelezo ya dada Mvita nadhani nagura, maana kinyongo ninacho.

Nawashukuru wote, nimejifunza. Usiku nilimpigia mama kule Mwandiga nikamweleza uzi wote, kuanzia Kibokoni hadi Zambezi hadi kuku wa Goma, dakika kumi na vocha yangu ikaisha nusu. Alinisikiliza kimya mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Sasa hiyo klabu, kanunua nani?"